Namba ya Mzee Redio

Kompyuta iliikataa orodha kwa mara ya tatu, na kila ilipoikataa iliandika maneno yaleyale mekundu: mistari thelathini na minane ina namba moja ya simu.

Karani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Maneno yakabaki mekundu. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na orodha ilitakiwa Alhamisi saa kumi. Hospitali ilikuwa na wafanyakazi mia sita na kumi na wawili. Kampuni iliyokodiwa kuwauliza maoni yao kuhusu kazi ilitaka mambo matano kwa kila mmoja: namba ya ajira, idara, mwaka alioanza kazi, jina la msimamizi, na namba yake mwenyewe ya simu. Maneno "yake mwenyewe" yalikuwa yamepigiwa mstari, kwa kuwa maswali yangetumwa kwa ujumbe wa simu, moja baada ya jingine, na asiye na namba hangeulizwa kitu.

Alipanga mistari upya. Yote thelathini na minane ilitoka Chumba cha Kufulia. Namba moja, na kwenye safu ya msimamizi jina moja: Mzee Redio. Si jina lake la kuzaliwa, bali ndilo lililoandikwa, na hakuna aliyewahi kulihoji.

Mzee Redio alikuwa kaburini mwaka wa tano sasa. Karani alilijua hilo vizuri kwa sababu mumewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mumewe alikuwa dobi. Mstari wake ulikuwa humohumo katikati ya ile thelathini na minane, umepakwa rangi ya kijivu. Kanuni ya ofisi ilisema karani hafungui mstari wa ndugu yake. Hufunguliwa na Mkuu wa Utumishi peke yake. Kwa miaka mitatu Karani alikuwa ameupita mstari ule kama mtu anavyopita mlango wa chumba cha wazazi, macho mbele, na alijivunia hilo. Kila mwaka alihakiki safu ya simu kwa namna moja: je, imejaa? Ilikuwa imejaa juu mpaka chini. Hakuna aliyemfundisha kuuliza imejaa nini.

Alinyanyua simu ya mezani akapiga ile namba. Alitegemea kimya. Iliita mara mbili, ikapokewa.

"Haloo."

"Habari za asubuhi. Naongea na nani?"

"Wewe ndiye uliyepiga, mwanangu. Jitaje kwanza."

Karani alijitaja, kazi na ofisi. Upande wa pili mwanamke akacheka kicheko kikavu.

"Leo mmepiga! Miaka yote hiyo mnaandika tu. Mume wangu amekufa, jamani. Nilidhani mnajua, maana shada la maua mlileta."

"Tunajua, Mama. Pole sana."

"Sasa mbona mnamwita kwenye mikutano? Wiki iliyopita mmemwita kwenye chanjo. Mwaka jana mmemwambia akapimwe viatu. Nikawaambia watoto, hospitali hii haikati tamaa na mtu."

Karani hakujua acheke au aombe radhi. "Hizo meseji zote zimefika kwako?"

"Zote zimo. Sifuti kitu chake mimi. Naiweka chaji kila asubuhi, sijui hata kwa nini."

Karani aliandika kwenye karatasi: zote zimo. Kisha mkono ukasita. Alikuwa amekumbuka ujumbe mmoja ambao yeye mwenyewe aliuandika, akabonyeza kutuma, akaenda kunywa chai.

*

Jioni alimkuta mama mkwe wake barazani anachambua mchele, sinia mapajani, na mumewe ameketi kwenye ngazi akishona mkanda wa ndala kwa uzi wa nailoni. Mikono yake ilikuwa na weupe wa dawa za kufulia ambao hautoki hata kwa mafuta.

"Karani wangu," alisema bila kuinua kichwa. Nyumbani lilikuwa jina la mapenzi. "Leo umechelewa. Mmekuwa mkihesabu watu?"

"Ndiyo."

"Na sisi wa kwenye mvuke tumo, au mmetusahau kama kawaida?"

"Mmo," alisema. Alikaa ngazi ya chini yake, akavua viatu. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba angeweza kurekebisha mambo kimyakimya: aandike namba mpya, afute ya zamani, maisha yaendelee. Hakuna ambaye angejua. Lakini alipoiona ile mikono, aliona kuwa kunyamaza kungekuwa namna nyingine ya kuupita mstari macho mbele.

"Unakumbuka mafunzo ya mitambo ya mvuke? Mwaka juzi."

"Yale waliyokwenda watu wa jenereta? Ningeyasahau vipi? Mashine ya pili ikifa, naitwa mimi nikaifufue. Cheti wamepewa wao."

"Nafasi mbili zilikuwa zenu. Tangazo lilitumwa. Nililituma mimi."

Sindano ilisimama. Mama mkwe naye aliacha kuchambua.

Alimweleza yote: namba moja, Mzee Redio, mjane aliyekuwa akisoma matangazo ya kazi isiyo yake. Wakati akieleza, mumewe alitazama uzi, si yeye.

"Tulijua ilivyoanza," dobi alisema hatimaye. "Simu zilikatazwa kule ndani. Mbili zilishafuliwa pamoja na mashuka, moja ya Bi Pasi. Na mawasiliano yenyewe kule chini hayashiki. Mzee akasema, andikeni yangu, nitawasomea. Kila asubuhi alipanda juu ya kreti akasoma. Alipokufa tukasema, wakubwa wametuchoka. Hawatuambii kitu."

"Hamkuuliza."

"Unauliza nini, wakati hujui kuna kitu cha kuulizwa?" Sasa alimtazama. "Miaka mitatu unalala na dobi, mke wangu, namba yangu unaijua kwa moyo, unanipigia nikuletee nyanya. Na humo kwenye kompyuta yako nina namba ya maiti."

"Mstari wako siruhusiwi kuufungua."

"Hukutazama."

"Ndiyo kanuni."

"Nasema hukutazama, Karani." Jina lilikuwa lilelile, lakini safari hii alilitamka kama watu wanavyolitamka dirishani, wakiwa na fomu mkononi.

Alinyanyuka akaingia ndani na ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Mama mkwe alisubiri mlango ufungwe.

"Kuna kingine hujasema," bibi kizee alisema. "Nakuona usoni."

"Mafunzo yalipokosa waombaji, Mkuu alitaka barua ya maelezo. Niliichapa mimi. Iliandikwa kwamba madobi hawakuonyesha nia."

Mama mkwe aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

"Basi kesho nenda kaonyeshe ya kwako," alisema.

*

Mkuu wa Utumishi alikuwa mtu wa suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kusainia. Alisikiliza huku akikoroga chai.

"Thelathini na wanane kati ya mia sita na kumi na wawili," alisema. "Ukiwatoa unabaki na asilimia ngapi?"

"Karibu tisini na nne."

"Tisini na nne! Kuna shule gani ambayo hiyo si alama ya kwanza? Waondoe. Orodha itapita leo, tutapumua."

"Wataondolewa kwenye orodha, Mkuu, lakini kwenye mashuka hawaondoki."

"Usinifanyie mashairi." Alionja chai. "Na tuseme ukweli. Dodoso lina maswali thelathini. Wale watu wa chini watalielewa?"

"Wanasoma lebo za dawa kila siku. Wakikosea kipimo kimoja, shuka linamuunguza mgonjwa mgongo. Sijasikia mgonjwa ameungua."

Mkuu aliweka kikombe. Aliinama mbele, sauti akaishusha kana kwamba anamfanyia hisani. "Karani, mimi na wewe tunaelewana. Hili jambo limekuuma kwa sababu mumeo yuko huko. Kama angekuwa kwenye jenereta ungeshabonyeza kufuta. Au nakusingizia?"

Kwenye meza ya pembeni mpiga chapa alikuwa ameacha kupiga chapa ili asikose jibu.

"Mume wangu yumo," Karani alisema. "Mstari wake ni wa kijivu. Mimi haunihusu. Kila mwaka unahakikiwa na mtu mmoja tu, na saini iliyo chini yake si yangu." Alifungua faili alilokuja nalo kwapani, akaligeuza limwelekee Mkuu. "Mara tatu umethibitisha kwamba namba hii ni ya kwake. Tarehe hizi hapa. Mimi nilikosea mistari thelathini na saba, nitaandika hivyo kwa mkono wangu. Huo mmoja ni wa kwako."

Mpiga chapa alikohoa, akaanza kupiga chapa kwa kasi ya ajabu.

Mkuu alizitazama saini zake kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa amelala mdomo wazi.

"Alhamisi saa kumi," alisema. "Ikipita hata dakika tano, nawaondoa wote, wa kwako na wa kwangu. Na hayo maelezo ya kosa lako nayataka mezani pamoja na orodha. Yataingia kwenye faili lako."

"Yataingia," alisema Karani.

*

Jumatano saa mbili alishuka ngazi za nyuma akiwa na daftari, rula na kalamu tatu. Hakubeba kompyuta, mvuke ungeiua. Mlango ulipofunguliwa joto lilimpiga usoni kama pumzi ya ng'ombe. Mashine nne zilikuwa zinanguruma, na pasi ya roli ilikuwa inalimeza na kulitema shuka jeupe kwa urefu wake wote.

"Oyaa! Ghorofa imeshuka!" dobi mmoja mwembamba alipiga kelele. "Zimeni mashine, leo tuna mgeni. Au umepotea njia, dada? Choo cha ofisi kiko kulekule juu."

"Mwache," alisema mwanamke mnene kwenye pasi. Huyu ndiye Bi Pasi. Alikuwa na kovu la roli mkononi na karatasi ya zamu imebanwa kwenye mkanda wa aproni. "Shemeji yetu huyo. Karibu, shemeji. Angalia sakafu, inateleza."

Mumewe alikuwa kwenye mashine ya pili, mgongo umegeuka. Mgongo ule ulibaki hivyohivyo.

Karani alikuwa hajaanza kueleza alipoingia mwanamke wa makamo, amevaa gauni la heshima na ameshika leso iliyofungwa kitu. Bi Pasi alimtambua kwanza. Akaacha roli ikizunguka tupu, akaenda kumkumbatia, na madobi mmoja mmoja wakazima mashine mpaka chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia bomba likidondosha maji.

"Nimempigia jana, nikamwomba aje," Karani aliwaambia. "Yeye ana kitu chenu."

Mjane alifungua leso. Ilikuwa simu ya vitufe, safi, imefutwa vizuri. Alitazama huku na huku, akauliza, "Alikuwa anasimama wapi?"

Mtu alisukuma kreti la sabuni mpaka katikati. Walimshika mikono akapanda.

"Sina sauti yake," alisema. "Mnivumilie." Akaanza kusoma, kuanzia ujumbe wa wiki iliyopita kurudi nyuma, kwa ule mdundo wa mtu anayesoma akiwa amenyoosha mkono mbali na macho. "Wafanyakazi wote wa Chumba cha Kufulia mnaombwa kufika kwa chanjo ya homa ya ini. Wafanyakazi wa Chumba cha Kufulia mnaombwa kufika stoo kupimwa viatu vipya vya mpira."

"Viatu!" Yule mwembamba aliinua mguu, kidole gumba kikachungulia. "Kumbe viatu vilikuja?"

"Vilikuja, vikarudi," alisema Bi Pasi.

"Vikavaliwa na nani?"

"Bustani," sauti ikajibu kutoka nyuma. "Wale watu wa bustani kila mmoja ana jozi mbili. Nilidhani wanapendelewa!"

Kicheko kiliripuka, kikapiga kuta, mjane mwenyewe akacheka mpaka akashikwa asianguke. Kisha akabonyeza tena, akasoma uliofuata, na hakujua alichokishika.

"Nafasi mbili za mafunzo ya ufundi wa mitambo ya mvuke, miezi sita, cheti na kupandishwa daraja. Madobi wenye uzoefu wanahimizwa kuomba. Mwisho wa maombi Ijumaa."

Hapakuwa na kicheko. Watu hawakumtazama msomaji. Walimtazama dobi wa mashine ya pili. Yeye alikuwa ameshika mpini wa mlango wa mashine, na ulikuwa umefungwa, hauhitaji kushikwa.

Karani alijua kwamba angeweza kuacha hapo. Alipiga hatua mbili mpaka kwenye kreti.

"Hilo tangazo nililituma mimi," alisema. "Halikujibiwa, nikachapa barua ikasema hamkuonyesha nia. Sikuja kuwauliza. Ngazi ni ishirini na mbili, nimezihesabu leo. Orodha mliyomo nimeipitisha mara tatu, na kila mara nilitazama kama imejaa, sikutazama kama ni kweli. Kosa ni langu na nimeliandika. Leo nimekuja kuandika namba zenu, za kila mtu, kutoka mdomoni kwake mwenyewe. Jumatatu mtaulizwa kazi yenu ikoje. Nataka muulizwe ninyi, si marehemu."

"Nia," alisema Bi Pasi taratibu, kama mtu anayetafuna kitu kuona kama kimeiva. "Mimi nina miaka kumi na tisa humu. Nimezaa watoto wawili nikiwa humu. Wa pili uchungu ulinishika nikiwa kwenye roli hii. Halafu sina nia." Alivuta kiti, akakipangusa kwa aproni, akakiweka karibu na meza ya kukunjia. "Kaa, shemeji. Aliyekosea akashuka ngazi kuja kusema, nampa kiti. Wapo ambao ngazi hawazijui. Haya, pangeni foleni! Mashine ya kwanza waanze, watano watano, msiache mashuka yapoe!"

Walipanga. Yule mwembamba alitaja namba yake kwa kuiimba. Mzee wa mashine ya tatu alikuwa haijui yake. Ilibidi apige kwa mwenzake ndipo isomwe. Mwanamke mmoja aliuliza kama majibu yatasomwa na Mkuu.

"Hayatasomwa na Mkuu wala na mimi," Karani alisema. "Yanakwenda kwa kampuni. Sisi tutaona idara imejibu watu wangapi, basi."

"Apa."

"Naapa."

Kwa kila mmoja aliuliza swali la tano: nani msimamizi wako, nani anakupangia zamu, ukiugua unamwambia nani? Na kila mmoja, bila kushauriana, alielekeza kidevu upande wa pasi ya roli. Kufikia saa sita, majina thelathini na sita yalikuwa yamenyooka kwenye mistari ya rula. Wa thelathini na saba alikuwa Bi Pasi mwenyewe.

"Msimamizi wako?"

"Mimi? Mimi sina mtu," alisema akicheka. "Andika Mungu."

Aliyebaki alikuwa mmoja. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali, akasimama mbele ya meza wima kama mgeni.

"Karani," alisema. Ule utani wa nyumbani haukuwemo, lakini ile baridi ya juzi nayo ilikuwa imepungua.

Karani aliigeuza kalamu, akampa Bi Pasi. "Huyu mwandike wewe, Mama. Mimi mstari wake siushiki."

"Hata leo?" mumewe aliuliza.

"Hata leo. Lakini leo natazama."

Bi Pasi aliandika kwa herufi kubwa, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Karani alifuata kila tarakimu kwa macho. Ilikuwa namba ileile anayopiga akitaka nyanya.

*

Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini, kompyuta iliipokea orodha. Hakukuwa na maneno mekundu. Mistari mia sita na kumi na miwili, namba mia sita na kumi na mbili. Ule wa kijivu alikuwa ameuacha wazi mpaka Mkuu alipokuja mwenyewe kuingiza tarakimu kutoka kwenye daftari, kidole kimoja kimoja, akirudia kila moja kwa sauti.

Kisha Mkuu aliiona safu ya msimamizi.

"Huyu mama ni msimamizi tangu lini? Hana cheo."

"Tangu Mzee Redio alipokufa. Thelathini na saba wamemtaja."

"Na wa thelathini na nane?"

"Ni yeye mwenyewe. Kasema hana mtu. Hapo nimeandika jina lako."

"Unajua tukilipitisha hili anaweza kudai posho ya ukaimu ya miaka mitano?"

"Anaweza."

"Na ukirudisha la marehemu?"

"Kampuni haimtaki. Inataka msimamizi aliye kazini." Alitazama saa ya ukutani. "Imebaki robo saa, Mkuu."

Alisaini kwa kalamu ya kusainia. Kisha akavuta karatasi ya pili, yale maelezo ya kosa, akayasoma mpaka mwisho. Yalikuwa nusu ukurasa, bila samahani hata moja wala kisingizio. Akayagonga muhuri, akampa nakala yake pamoja na barua ya onyo iliyokuwa imeshachapwa tangu asubuhi.

Karani aliikunja mara mbili. Alikuwa hajawahi kupata onyo maishani, hata shuleni. Alishangaa kuona halina uzito alioufikiria.

Nyumbani mama mkwe alitaka asomewe. Dobi ndiye aliyeisoma, kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye "uzembe wa kuhakiki taarifa".

"Uzembe," bibi kizee alirudia. "Na aliyeupa uzembe huu muhuri, yeye kapewa nini?"

"Kapewa mistari miwili," dobi alisema. "Wangu, na wa Bi Pasi." Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akaiingiza barua ile kwenye bahasha ya vyeti vyao, katikati ya stashahada ya mkewe na cheti cha ndoa.

*

Maswali yalitumwa Jumatatu saa nne. Kule chini mawasiliano hayashiki, kwa hiyo Bi Pasi alipanga zamu ya kutoka: kumi kumi, kwenye uwanja wa kuanikia.

Karani alisimama dirishani ghorofa ya pili. Chini yake mashuka yalikuwa yamening'inia safu kwa safu, na katikati yake watu wenye aproni, kila mmoja peke yake, vichwa vimeinama juu ya simu. Hawakuwa wakipiga soga. Yule mwembamba aliandika amechuchumaa. Mzee wa mashine ya tatu alisoma kila swali midomo ikicheza, akajibu, akatazama juu kufikiri, akajibu tena. Mumewe alikuwa kwenye kundi la mwisho. Wenzake saba walimaliza wakarudi ndani; yeye alikuwa angali anaandika. Swali la mwisho lilikuwa na nafasi ya kueleza chochote, na alionekana ana mengi.

Simu ya mezani ililia.

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya mjane. "Leo haijaita. Nasikia kwa jirani mnatuma maswali, nikasema nitazame. Kimya."

"Haitaita tena kwa ajili ya kazi, Mama. Tumemwondoa."

Mjane alivuta pumzi. "Basi amestaafu," alisema. "Alikuwa amechoka, yule." Akakata.

Saa kumi kompyuta ilionyesha hesabu kwa idara. Utawala, nusu. Madaktari, theluthi. Jenereta, wanne kati ya kumi na mmoja. Chumba cha Kufulia, thelathini na wanane kati ya thelathini na wanane. Mpiga chapa alikuja kuchungulia, akapiga mluzi. Mkuu naye alipita nyuma yao, akasimama, akausoma ule mstari, akaendelea na safari yake. Karani aliutazama kwa muda wote aliotaka. Hakukuwa na kanuni iliyomzuia.

Jioni walikuta mama mkwe ameshatandika mkeka barazani, anawasubiri kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Umeandika nini?" alimuuliza mwanawe kabla hajavua viatu. "Umewaambia kuhusu mafunzo? Umewaambia mashine ya pili nani anaifufua?"

"Nimeandika mengi, Mama. Mpaka dole gumba limekufa ganzi."

"Tuambie basi."

"Ni siri." Alimgeukia mkewe, na uso wake ulikuwa mwepesi. "Hata huyu hajui."

"Na nikienda kesho nikachungulia?" Karani alisema.

Dobi alikaa ngazi ya juu yake, akanyoosha mikono yake myeupe juu ya magoti.

"Hutachungulia, Karani wangu," alisema. "Nakujua."